Injini Inapumulia Wapi?

Mwaka 1970 kampuni ya Chevrolet ya Marekani ilikuwa ikiuza gari liitwalo Chevelle SS, na mteja aliyelipa nyongeza aliletewa boneti yenye mlango mdogo wa bati. Mlango huo haukuelekea mbele. Ulikuwa kwenye ukingo wa nyuma wa boneti, ukikikabili kioo cha mbele, na dereva alipokanyaga mafuta hadi mwisho ulifunguka wenyewe, injini ikaanza kupata hewa kupitia hapo. Mwaka huohuo Pontiac nao walikuwa na Firebird Trans Am, ambayo mdomo wake wa hewa ulichomoza juu ya boneti, nao pia ukiangalia nyuma. Mtu akiliona gari la namna hiyo kwa mara ya kwanza hudhani kuna fundi aliyefunga kitu kinyume. Gari linakwenda mbele na upepo unatoka mbele. Mdomo wa injini unatafuta nini nyuma?

Wahandisi wale walijua walichokuwa wakifanya, na magari ya mashindano ya NASCAR yaliitumia njia hiyohiyo kwa miongo mingi: hewa ya injini ilichukuliwa chini kabisa ya kioo cha mbele. Ili tuelewe kwa nini, inabidi kwanza tuone injini inavyopata hewa yake, kisha tulizunguke gari likiwa mwendoni na kuona hewa inafanya nini kila sehemu ya bodi.

Pistoni inaposhuka huku valvu ya kuingizia ikiwa wazi, ndani ya silinda panabaki nafasi yenye presha ndogo. Hewa ya nje, ambayo imebebeshwa uzito wa angahewa yote iliyo juu yake, inajisukuma kuijaza nafasi hiyo. Usawa wa bahari presha ya angahewa ni takriban kilopaskali 101, na injini isiyo na turbo haina msukumo mwingine zaidi ya huo. Kazi yenyewe ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Kwa vipimo vya sheli, lita moja ya petroli hula kama lita 9,000 za hewa. Ukimaliza tangi la lita 40, injini yako imepitisha hewa lita 360,000. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika humeza karibu lita 100 za hewa kila sekunde, na kama paipu ya kuingizia ina kipenyo cha milimita 70, hewa ndani yake inakimbia kama kilomita 94 kwa saa. Petroli ni rahisi kuongeza, pampu inafanya kazi hiyo bila shida. Kinachoiwekea injini mpaka ni uzito wa hewa unaoweza kuingia silindani katika muda mfupi ambao valvu iko wazi.

Uzito huo unaamuliwa na mambo mawili: presha ya hewa pale mdomo wa paipu ulipo, na joto lake. Yote mawili hubadilika kutoka sehemu moja ya gari hadi nyingine. Ndiyo maana swali la kwanza kuhusu hewa ya injini linapaswa kuwa mdomo uko wapi. Ukubwa wa mdomo na mwendo wa gari ni maswali ya baadaye, na vijana wanaotumia fedha zao nyingi kwenye magari huwa wanaanza na hayo ya baadaye.

Tuanze puani. Gari linapokwenda, hewa inayogonga katikati ya bampa inasimama. Mwendo wake unakwisha na nguvu ya mwendo huo inageuka kuwa presha, kama maji ya mto yanavyojiinua yanapogonga nguzo ya daraja. Hapo ndipo penye presha kubwa kuliko sehemu nyingine zote za bodi. Hewa ile iliyosimama inatafuta njia: nyingine inapita chini ya gari, nyingine pembeni, nyingine inapanda juu ya boneti. Inayopanda inalazimika kukata kona kali kwenye ukingo wa mbele wa boneti, na katika kukata kona inaongeza kasi. Hewa inapoongeza kasi presha yake inashuka, jambo ambalo Daniel Bernoulli alilieleza kwa habari ya maji katika kitabu chake cha mwaka 1738. Kwa hiyo sentimita chache tu nyuma ya mahali penye presha kubwa kuliko pote, pana presha ndogo kuliko ile ya angahewa iliyotulia. Ukitoboa boneti hapo ukitarajia upepo uingie, upepo utatoka. Kwa sababu hiyohiyo magari mengi ya mbio hutobolewa sehemu ya mbele ya boneti ili hewa ya moto iliyokwisha kupita kwenye rejeta ipate pa kutokea.

Ikisafiri juu ya boneti hewa inatulia kidogo, halafu mbele yake inakuta ukuta wa kioo. Inapunguza kasi na kujirundika kwenye pembe ambayo boneti inakutana na kioo, na presha inapanda tena. Haifiki ile ya puani, lakini ni sehemu nzuri yake. Kisha inapanda kioo, inaongeza kasi, na inapokata kona ya kuingia kwenye paa presha inaanguka kwa nguvu. Nyuma ya gari panabaki mkia wa hewa iliyovurugika, yenye presha ndogo kidogo, na huo ndio unaovuta vumbi likaganda kwenye kioo cha nyuma cha gari dogo la familia.

Ushahidi wa presha ya chini ya kioo uko kwenye gari lako. Fungua boneti utazame chini ya wipa: kuna grili ya plastiki iliyochukua karibu upana wote wa gari. Hiyo ndiyo njia ya hewa safi ya watu walioketi ndani. Viwanda vimeiweka pale kwa sababu gari likishika mwendo, presha ya pale inaingiza hewa ndani hata feni ikiwa imezimwa. Mlango wa Chevelle na mdomo wa Trans Am ilikuwa inachota kwenye bwawa hilohilo la hewa. Ni hewa ya nje ambayo haijapita kwenye rejeta, imetulia, na ina presha kubwa kuliko iliyo juu ya boneti. Mdomo ulitazama nyuma kwa sababu nyuma ndiko hewa hiyo ilikorundikana.

Kuna marekebisho ya karakana za mitaani ambayo ramani hii ya presha inayapinga moja kwa moja. Fundi anaweka wosha kwenye bawaba za boneti ili ukingo wake wa nyuma uinuke sentimita moja au mbili, eti joto la injini lipate kutoka. Gari likiwa limesimama kwenye foleni joto kweli linatoka, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Gari likishika barabara kuu mambo yanageuka: pale nyuma ya boneti presha ni kubwa, kwa hiyo hewa inaingia ndani ya chumba cha injini badala ya kutoka, na inashindana na ile inayotaka kupita kwenye rejeta. Mwenye gari alitaka injini ipoe, na katika safari ndefu huenda akaona sindano ya joto ikipanda.

Sasa presha hiyo ni kiasi gani? Hapa ndipo wauzaji wa vifaa hunyamaza, na hapa ndipo hesabu inapofaa kufanywa mbele ya macho ya msomaji. Presha inayotokana na mwendo ni nusu ya msongamano wa hewa ukizidishwa kwa mraba wa kasi. Kwa kilomita 100 kwa saa unapata takriban paskali 460. Angahewa ni paskali 101,000 na ushee. Kwa hiyo mdomo uliowekwa mahali bora kabisa, bila kupoteza chochote njiani, unaiongezea injini chini ya nusu ya asilimia moja ya hewa. Injini ya nguvu za farasi 100 inapata nusu farasi. Kwa mwendo wa mjini, kilomita 40 au 50, nyongeza haipimiki. Mwendo ukifika 200, kwa kuwa kasi inahesabiwa kwa mraba wake, faida inakua mara nne na kukaribia asilimia 2. Kwa 300 ni asilimia 4 na kidogo.

Asilimia 4 kwa mtu aendaye sokoni si kitu. Kwenye mashindano ni tofauti kati ya kupita na kupitwa, na historia ya Formula One inaonyesha jinsi watu walivyohangaika nayo. Miaka ya 1970 ilipofika katikati, magari yalikuwa na masanduku marefu ya hewa nyuma ya kichwa cha dereva, kila timu ikitaka mdomo wake uwe juu zaidi, mahali ambapo hewa haijavurugwa na matairi wala kofia ya dereva. Gari la Ufaransa, Ligier JS5, lililoendeshwa na Jacques Laffite mwaka 1976, lilikuwa na sanduku kubwa kiasi kwamba watu walilifananisha na birika la chai. Kuanzia mashindano ya Hispania ya mwaka huo, kwenye uwanja wa Jarama, kanuni mpya zilipunguza urefu, na masanduku yale yakatoweka. Ferrari 312T2 ilihamishia midomo yake kwenye mabega ya chumba cha dereva. Turbo zilipotawala, jambo hili lilipungua uzito, maana kifaa chenyewe kilikuwa kinasukuma hewa. Zilipopigwa marufuku, na msimu wa 1989 ukaanza kwa injini za lita 3.5 zisizo na turbo, mdomo ulirudi juu ya kichwa cha dereva na ukabaki hapo.

Kilichofuata mwaka 1994 ndicho kinachoonyesha thamani ya hewa hii kuliko yote. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, Roland Ratzenberger na Ayrton Senna walikufa katika wikendi moja huko Imola. Shirikisho la FIA lilitaka magari yapunguzwe kasi haraka, katikati ya msimu, pasipo kuzilazimisha timu kutengeneza injini nyingine. Moja ya hatua zake ilikuwa kuamuru kwamba kuanzia mashindano ya Kanada mwezi Juni, masanduku ya hewa yatobolewe, ili presha iliyokusanywa na mwendo ivuje kabla ya kuifikia injini. Kwa injini ya farasi 700, gari likiwa kwenye kilomita 300, presha ile kama ingehifadhiwa yote ilikuwa na thamani ya farasi wapatao 28. Wakuu wa mchezo waliona kiasi hicho kinastahili kuondolewa kwa ajili ya uhai wa watu.

Ukilitazama sanduku la namna hiyo kwa karibu, utaona mdomo wake ni mdogo kuliko unavyotarajia, na paipu inapanuka taratibu kuelekea kwenye injini. Upanuzi huo ndio ufundi wote. Hewa iliyoingia kwa kasi inapaswa kupungua mwendo kidogo kidogo ili nguvu yake igeuke presha. Ukipanua paipu ghafla, hewa inabanduka kwenye kuta, inajizungusha ovyo, na nguvu iliyokuwa nayo inapotea kama joto dogo lisilo na faida. Mdomo mkubwa ulio wazi mbele ya gari haukusanyi presha kubwa zaidi ya ile ambayo kasi imekwisha kuiweka. Kofia ya dereva nayo ilikuwa sehemu ya hesabu: madereva warefu walikuwa wakiinamisha kichwa pembeni kwenye barabara iliyonyooka ili wasizibe njia ya hewa.

Kwenye kabureta kulikuwa na mtego mwingine, na unafaa kutajwa kwa sababu bado kuna magari ya zamani yanayopendwa sana kwetu. Petroli hutoka kwenye bakuli la kabureta kwa sababu presha iliyo juu ya mafuta ni kubwa kuliko iliyo kooni mwake. Ukiuelekeza upepo wa gari kwenye koo huku bakuli likibaki na presha ya kawaida, tofauti hiyo inapungua, mafuta yanatoka machache wakati hewa imeongezeka, na injini inaungua ikiwa na njaa ya petroli katika mwendo mkali, wakati ambao haiwezi kuvumilia hali hiyo. Wajuzi walilipeleka tundu la kupumulia la bakuli ndani ya sanduku lilelile la hewa ili pande zote mbili zipate presha moja. Magari ya sasa yenye sensa ya kupimia hewa yana udhaifu wa namna yake: hewa iliyovurugika ikipita kwenye sensa, kompyuta inasoma kisichokuwepo.

Tuje kwenye joto, ambalo kwa gari la barabarani ndilo jambo zito zaidi. Hewa ikipashwa joto inatanuka na kuwa nyepesi. Kila nyuzi 3 zinazoongezeka zinapunguza takriban asilimia moja ya uzito wake. Hewa ya nje mchana wa Dar es Salaam ni nyuzi 30 au zaidi. Ndani ya boneti, kwenye foleni, ni jambo la kawaida kufika 60. Tofauti hiyo ya nyuzi 30 ni asilimia 9 ya uzito wa hewa. Nguvu haishuki kwa kiwango kilekile, kwa sababu hata hewa ya ubaridi hupata joto ikipita kwenye vyuma vya injini kabla ya kufika silindani. Lakini hata ukichukua nusu tu ya hesabu, hasara hiyo ni karibu mara 10 ya faida yote ambayo mwendo wa kilomita 100 ungeweza kuleta. Isitoshe, hewa ya moto huifanya injini igonge, na kompyuta ikisikia kugonga huko inachelewesha moto wa plagi, nguvu inapungua tena.

Kwa hiyo inaniuma kuona kijana mwenye gari zuri akiondoa sanduku zima la chujio lililotoka kiwandani na kufunga chujio la umbo la koni, liko uchi katikati ya joto la injini, hatua moja kutoka kwenye eksozi. Injini inanguruma zaidi, naye anaichukua sauti kuwa ni nguvu. Paipu aliyoitupa ilikuwa inachota hewa nyuma ya grili au ndani ya madigadi, mahali penye hewa ya nje. Kiwanda kiliichagua njia ile kwa kuzingatia joto, maji, vumbi na kelele kwa pamoja. Mara nyingi kilitoa sadaka ya farasi mmoja au wawili kwa ajili ya kelele, hilo ni kweli, na fundi makini anaweza kuwarudisha kwa paipu laini isiyo na kona kali, iliyofungwa vizuri, na mdomo uliobaki nje ya joto.

Mdomo ulio juu ya boneti ya Subaru yenye turbo, Impreza au Forester, umezaa imani isiyo sahihi kutoka Nairobi hadi Kampala na Dar es Salaam: kwamba ndiko injini inakovutia hewa. Chini ya mdomo ule kuna intakula, kifaa cha kupoza hewa iliyotoka kwenye turbo, iliyolala juu ya injini. Hewa ya nje inaingia mdomoni, inapita kati ya mapezi ya intakula, inashuka na kutokea chini ya gari. Haiingii silindani kamwe. Hewa ya injini inaingia kwa njia nyingine, kupitia paipu iliyoanzia mbele karibu na grili, inapita kwenye chujio, inasukumwa na turbo hadi inapata moto, ndipo inaingizwa kwenye intakula ipozwe. Na hapa ramani ya presha inarudi. Hewa haipiti kwenye intakula kwa sababu tu kuna presha juu yake. Inapita kwa sababu presha ya chini, ndani ya chumba cha injini, ni ndogo kuliko ya juu. Yule aliyeinua ukingo wa nyuma wa boneti kwa wosha ameongeza presha chini ya intakula na kuipunguzia upepo. Anayefunga mdomo mkubwa zaidi bila kufikiria hewa itatokea wapi anapata sura mpya ya gari na si kingine.

Mambo haya yanaweza kupimwa kwa fedha ya soda. Mhandisi Mfaransa Henri Pitot alipima mwendo wa mto Seine mwaka 1732 kwa bomba lililopindwa na kuukabili mkondo, na kanuni yake inatosha kabisa. Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha, wa mita tatu nne. Upinde katikati uwe kama herufi U, uufunge kwenye ubao wenye rula, utie maji yenye rangi hadi nusu. Ncha moja ya mpira ipeleke mahali unapofikiria kuweka mdomo, nyingine ipeleke mahali mdomo ulipo sasa. Ncha zote mbili zizibe kwa kipande kidogo cha sponji ili maji yasirukeruke kwa kila upepo. Mtu mmoja aendeshe kwa mwendo uleule kwenye barabara tambarare, mwingine asome. Upande wa U ambao maji yameshuka ndio wenye presha kubwa. Kwa kilomita 100 kwa saa, mahali bora kabisa panaweza kukupa tofauti ya milimita 47 na hewa iliyotulia, basi. Ukisoma milimita 10 kati ya sehemu mbili, umejua kwamba huna sababu ya kukata bodi ya gari.

Kisha hamishia ncha moja nyuma ya chujio, upande wa injini, nyingine iache kwenye hewa iliyotulia, na ukanyage mafuta hadi mwisho. Sasa maji yanahama kwa milimita mia moja, mia mbili, wakati mwingine zaidi. Hicho ndicho injini inachokilipa kwa kona za paipu, mdomo mwembamba na chujio. Kwenye malori kuna kiashirio kidogo kinachobadilika rangi chujio linapoziba, na kwenye dizeli nyingi kubwa hubadilika presha iliyopotea inapofika kama kilopaskali 6. Hiyo ni mara 13 ya kile ambacho upepo wa kilomita 100 unaweza kurudisha. Chujio lililokunywa vumbi la msimu mzima wa kiangazi linaifuta faida ya mdomo wowote uliowahi kutengenezwa.

Mwinuko unaleta hesabu ya aina nyingine. Gari linalotoka Mombasa kwenda Nairobi linapanda kama mita 1,700, na hewa inayolikuta juu, hata baada ya kuhesabu ubaridi wa huko, ni nyepesi kwa takriban asilimia 16. Ili kuirudisha hewa hiyo kwa nguvu ya mwendo peke yake, gari lingelazimika kukimbia zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Turbo ndiyo inayofaa hapo. Kwenye mlima wa Pikes Peak huko Colorado, ambako mashindano yanaishia mita 4,302 juu ya bahari, injini isiyo na turbo hubakiwa na karibu asilimia 60 ya hewa yake. Mwaka 2018 Romain Dumas aliupanda mlima huo kwa dakika 7 na sekunde 57.148, akiwa wa kwanza kushuka chini ya dakika 8, kwa gari la umeme la Volkswagen ambalo mota zake hazikuhitaji hewa hata kidogo ili kutoa nguvu.

Kwa sisi tunaoendesha kwenye mvua za masika na barabara za vumbi, mahali pa mdomo panaweza kuamua kama injini itaishi. Mdomo ulioshushwa nyuma ya bampa unapata hewa ya ubaridi na presha ya kutosha, ila uko karibu na maji. Barabara ya Morogoro inapofurika pale Jangwani, gari linaloingia kwa pupa linainua wimbi mbele ya pua yake, na wimbi hilo ni refu kuliko maji yalivyoonekana. Pistoni haiwezi kuyabana maji. Konrodi inapinda, na injini iliyokuwa inanguruma dakika moja nyuma inafunguliwa yote chini ya mwembe wa fundi. Magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953, yalivuka mito na madimbwi ya kila namna, na miaka ya 1990 timu za viwanda zilipandisha snokeli pembeni ya kioo hadi usawa wa paa.

Snokeli inapoteza kidogo kwa urefu wa paipu yake, na inalipa kwa hewa iliyo juu ya vumbi zito la barabara. Kuhusu kichwa chake, wengi hukigeuza mbele kwa kuamini upepo utasukuma. Mdomo ulioko pembeni ya kioo, unaotazama mbele, unaikamata kweli presha ya mwendo, na kwa kilomita 80 presha hiyo ni kama paskali 300, sawa na milimita 30 za maji. Pamoja nayo unakamata mvua, majani, wadudu, na vumbi la lori lililotangulia. Ukiongozana na lori kwenye barabara ya changarawe, hata zile paskali 300 huzipati, kwa kuwa umo ndani ya mkia wake wa hewa iliyovurugika. Kigeuze kichwa kitazame nyuma, uhakikishe tundu lake la kudondoshea maji halijaziba, na maungio yote ya paipu hadi kwenye sanduku la chujio yawe yamebanwa kwa klipu nzuri, maana ungio moja lililolegea chini ya boneti linaingiza hewa ya moto yenye vumbi na kuifanya snokeli yote iwe pambo.